Pima Tundu Kabla ya Kioo

Kishikwambi ni kompyuta iliyofungwa. Kompyuta ya mezani unaifungua kwa bisibisi, unaongeza RAM, unabadilisha diski, na kazi inaendelea. Kishikwambi hakikupi nafasi hiyo. RAM imechomelewa kwenye bodi, prosesa vivyo hivyo, kioo kimeshikwa kwa gundi na betri imelala chini ya gundi nyingine. Siku unayolipa ndiyo siku ya mwisho ya kuamua kifaa chako kitakuwa na nini ndani. Baada ya hapo, njia pekee ya kukiongezea kitu ni matundu ya pembeni: la chaji, la memori kadi, la laini, na la hedifoni kama bado lipo.

Ajabu ni kwamba matundu hayo ndiyo yanayozungumzwa kidogo kuliko yote. Boksi linatangaza megapikseli za kamera, GB za hifadhi na inchi za kioo. Mnunuzi anapokuja kugundua kwamba kifaa hakitoi picha kwenye projekta, au kwamba laini inaleta intaneti lakini haipigi *150*00# ya M-Pesa, pesa imeshakwenda. Nitayatanguliza matundu, kisha nirudi kwenye RAM na kioo. Hata hivyo, siyatangulizi kwa kuamini kwamba kifaa chenye matundu mengi ndicho bora. Historia fupi ya vishikwambi inakataa jambo hilo waziwazi.

Januari 27, 2010, Steve Jobs alionyesha iPad ya kwanza mjini San Francisco. Ilikuwa na kioo cha inchi 9.7, haikuwa na kamera, haikuwa na USB, wala haikuwa na sehemu ya memori kadi. Ilikuwa na tundu la hedifoni na tundu moja pana la pini 30, lilelile la iPod. Aliyetaka kuhamishia humo picha kutoka kwenye kamera yake alilazimika kununua adapta ya dola 29. Wakosoaji waliicheka, na washindani wakaona mwanya: watajaza matundu ambayo Apple imeyanyima.

Wakayajaza kweli. Motorola Xoom ya mwaka 2011 ilikuja na HDMI ndogo, USB ndogo na sehemu ya kadi. Toshiba Thrive ya mwaka huohuo ilikwenda mbali zaidi: USB ya ukubwa kamili, HDMI ya ukubwa kamili, kadi ya SD ya ukubwa kamili, na betri unayoitoa kwa mkono. Asus Transformer iliweza kuwekewa kibodi ya kuchomeka yenye matundu mawili ya USB, sehemu ya kadi na betri ya pili ndani yake. BlackBerry PlayBook nayo ilikuwa na HDMI. Kwenye karatasi, iPad ilikuwa imepigwa bao kila upande.

Sokoni mambo yakawa kinyume. iPad ya kwanza iliuza vifaa milioni 3 katika siku 80, na warithi wake wakaendelea kutawala. Tundu la kadi la Xoom lilikuwa limekufa siku kifaa kilipotoka, mteja akaambiwa asubiri sasisho la programu, na USB yake haikuchaji. Chaja ilikuwa na tundu lake tofauti. PlayBook ilitoka bila programu yake yenyewe ya barua pepe, ikitegemea simu ya BlackBerry iwe karibu. Mwaka 2012 Microsoft ilileta Surface RT yenye USB kamili, HDMI ndogo na memori kadi, ila haikuweza kuendesha programu za kawaida za Windows ambazo watu walikuwa nazo tayari. Julai 2013 kampuni hiyo ilifuta dola milioni 900 katika hesabu zake kwa sababu ya shehena ya kifaa hicho.

Wengi walihitimisha hapo kwamba matundu hayana maana. Nadhani walisoma vibaya. Kilichowaangusha washindani ni ukosefu wa programu za kuyatumia matundu hayo, na Apple yenyewe ilikuja kuthibitisha jambo hilo kwa gharama ya wateja wake. iPad Pro ya mwaka 2018 ilipata USB-C kwa mbwembwe nyingi, lakini ukichomeka flashi, programu ya kusimamia mafaili haikuisoma. Wenye kifaa hicho walisubiri hadi iPadOS 13 ilipotoka mwaka 2019. Chuma kilikuwa kilekile na tundu lilelile. Kilichobadilika ni programu. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "kina USB?" Muulize: "Nikichomeka hiki, kitafanya nini?"

Na swali hilo ni gumu leo kuliko lilivyokuwa mwaka 2011, kwa sababu matundu yamefanana. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kuanzia Desemba 28, 2024, simu na vishikwambi vipya vinavyouzwa huko vichajiwe kwa USB-C. Viwanda havitengenezi toleo la Ulaya peke yake kisha lingine la Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo na sisi tunavuna matunda ya sheria ambayo hatukuitunga. Chaja moja ya nyumbani inatosha simu, kishikwambi na mara nyingine hata laptopu. Kwa hilo sina ugomvi.

Ugomvi ni kwamba umbo limekuwa moja huku matumbo yakibaki mengi. Ndani ya tundu la USB-C kuna nafasi ya pini 24, na si kila kiwanda kinaziunganisha zote na kitu. iPad ya kizazi cha 10, iliyotoka mwaka 2022, ina USB-C inayopitisha megabiti 480 kwa sekunde, kasi ya USB 2.0 iliyobuniwa mwaka 2000. iPad mini iliyotoka mwaka mmoja kabla yake, yenye tundu lisilotofautika kwa macho, inapitisha gigabiti 5. iPad Pro tangu mwaka 2021 inapitisha hadi 40. Kwa upande wa Samsung, Galaxy Tab A9+ ya mwaka 2023 ina USB 2.0, ilhali Galaxy Tab S9 ya mwaka huohuo ina kasi kubwa zaidi. Tuseme una video ya harusi yenye GB 4. Kwa USB 2.0, ambayo kwa uhalisia hupitisha kama megabaiti 35 kwa sekunde, itachukua karibu dakika mbili. Kwa gigabiti 5, hifadhi ya ndani na flashi zikiweza, ni sekunde kumi na kitu.

Je, tofauti hiyo inastahili kulipiwa? Kwa mpiga video anayemwaga kadi ya kamera kila jioni, ndiyo, bila mjadala. Kwa mwanafunzi anayepokea notisi za PDF kupitia WhatsApp, hapana kabisa. Ninalowasihi wote wawili waangalie ni jambo la pili lililojificha nyuma ya tundu hilohilo: picha.

Hapa ndipo nimeona walimu na wachungaji wakiumia zaidi. Mtu ananunua kishikwambi, ananunua na adapta ya USB-C kwenda HDMI, anafika ukumbini, anachomeka projekta, na ukuta unabaki mweupe. Adapta si mbovu wala projekta si mbovu. Kishikwambi chenyewe hakijaunganishwa kutoa picha kupitia tundu hilo. Mfumo unaohitajika unaitwa DisplayPort, na viwanda huuacha kwenye vifaa vya bei ya chini ili kupunguza gharama. Kwa kawaida kifaa chenye USB 2.0 hakina huduma hiyo, na Tab A9+ ni mfano. Ila hata kanuni hii ina mwanya: iPad ya kizazi cha 10 niliyoitaja, pamoja na kasi yake ya kobe, inatoa picha kwenye runinga vizuri tu. Ukikisia kwa kuangalia tundu utakosea. Tafuta jina kamili la modeli, fungua ukurasa wa kiwanda, na usome mstari wa USB. Kama neno DisplayPort halipo, chukulia kwamba picha haitoki. Kurusha picha bila waya kunawezekana kama runinga inapokea, lakini projekta nyingi za shule zetu ni za zamani, nyingine zina tundu la VGA tu, na hazijui kupokea kitu hewani.

Kazi ya tatu ya tundu hilo ni umeme. Namba ya betri iliyoandikwa kwa mAh inadanganya kirahisi, kwa sababu haisemi volti. Izidishe kwa volti, ugawanye kwa elfu: betri ya mAh 7,040 ya Tab A9+ kwa volti 3.85 hivi ni kama saa-wati 27. Chaja ya zamani ya volti 5 na ampea 2 inatoa wati 10, kwa hiyo hesabu saa tatu na zaidi kujaza. Pawa benki ya mAh 10,000 ina saa-wati 37 kwenye karatasi, nyingine zinapotea njiani kama joto, na unachopata ni kujaza kishikwambi mara moja. Anayeishi kwa sola kijijini aifanye hesabu hii kabla hajanunua kifaa cha inchi 12 au 13, maana kioo kikubwa ndicho mlaji mkuu wa umeme na betri yake huwa kubwa vilevile.

Kuna kasoro moja ndogo ambayo ningependa kila mnunuzi aijue. Waya wa USB-C pande zote mbili hautoi umeme mpaka kifaa kijitambulishe kwa vikinza viwili vidogo, kila kimoja cha kilo-omu 5.1. Watengenezaji wa vishikwambi vya bei poa huvibana vikinza hivyo. Matokeo yake, kifaa kinachaji vizuri kwa waya uliokuja nao kwenye boksi, ule wenye kichwa cha zamani cha USB upande mmoja, lakini ukitumia chaja mpya ya USB-C kwa USB-C kinakaa kimya kama jiwe. Hata Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019, kifaa kinachoheshimika duniani, ilitoka na kasoro ya jamii hiyo. Kipimo chake hakihitaji fundi: chomeka waya wa C kwa C mbele ya muuzaji, subiri alama ya chaji. Ikikosekana, umeshajua kiwanda kilibana nini, na ujiulize kimebana na nini kingine usichokiona.

Uimara nao ni wa kufikiria. Kwa viwango, tundu la USB-C hupimwa kuvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000. Hiyo ni miaka mingi. Lakini matundu hayafi kwa kuchomekwa. Yanakufa kwa kupindwa. Mtoto amelala kitandani anaangalia katuni, waya wa chaji umeinama chini ya uzito wa kishikwambi, kila siku, hadi pini zinalegea na chaja inaanza kushika kwa kuegeshwa. Hapo gharama inategemea jambo ambalo hakuna boksi linaloliandika: je, tundu la chaji liko kwenye bodi ndogo ya pembeni inayobadilishwa yote kwa pamoja, au limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu? La kwanza ni kazi ya muda mfupi na kipande cha bei ndogo. La pili linahitaji fundi mwenye darubini na mkono mtulivu, na wengi watakwambia ununue bodi nyingine. Kabla ya kununua modeli, pita kwa fundi unayemwamini, mtajie jina lake, umuulize kama vipande vyake vinapatikana. Jibu lake lina thamani kuliko nyota tano za mtandaoni.

Memori kadi ina mashabiki wengi Afrika Mashariki, nami ni mmoja wao, ila lazima tuseme mipaka yake. iPad haijawahi kuwa nayo hata siku moja. Vishikwambi vingi vya Android vinayo, kuanzia vya bei ya chini hadi Galaxy Tab S9. Kadi inabeba filamu, muziki, mahubiri, vitabu na ramani bila kula bando, na ukipata kishikwambi kipya unaihamisha. Isichoweza, kwa vifaa vingi, ni kubeba programu zenyewe. Android iliruhusu tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015 kadi ichanganywe na hifadhi ya ndani iwe kitu kimoja, lakini viwanda kadhaa, Samsung kikiwemo, havikuiwasha huduma hiyo. Ndiyo maana mwenye kishikwambi cha GB 32 na kadi ya GB 128 bado anaambiwa nafasi imejaa: mfumo, masasisho na programu vimeshindiliwa ndani, na kadi iko tupu inaangalia. Chini ya GB 64 za ndani, leo hii, usinunue. Na kadi za bandia zimejaa. Zinajitambulisha kuwa GB 512 ilhali zina sehemu ndogo tu ya hiyo, zinapokea mafaili bila kulalamika, kisha unakuta picha za mwisho hazifunguki. Jaza kadi mpya yote kwa mafaili yasiyo na thamani, uyafungue ya mwisho, ndipo uiamini.

Sasa laini. Sehemu hii inafaa kuangaliwa kupitia sensa, kwa sababu sensa ndiyo iliyoingiza vishikwambi vingi kwa mkupuo katika nchi zetu. Kenya ilihesabu watu kwa vishikwambi Agosti 2019, Tanzania Agosti 23, 2022, Uganda Mei 2024. Karani wa sensa alihitaji kifaa cha namna ya pekee: betri ya kutwa nzima, kioo kinachosomeka juani, hifadhi ya kutunza madodoso kule kusikokuwa na mtandao, GPS ya kuonyesha kaya iko wapi, na njia ya kutuma taarifa mtandao ukipatikana. Hakuna aliyejali hedifoni wala projekta. Tanzania ilipomaliza kuhesabu, vishikwambi vya sensa vilielekezwa kwa walimu, na mizani ikageuka papo hapo: darasani GPS haina kazi, kinachotafutwa ni kibodi, sauti inayosikika hadi dawati la nyuma, na picha ukutani. Anayeuliza "kishikwambi kipi ni kizuri" bila kutaja kazi hawezi kujibiwa.

Kuhusu GPS kuna mtego unaowanasa hata wataalamu wa ardhi na kilimo. iPad isiyo na laini haina GPS ndani yake. Inakisia mahali ilipo kwa kutumia Wi-Fi iliyo jirani. Shambani kusiko na Wi-Fi haijui iko Morogoro au Mbeya. iPad ya laini ndiyo yenye GPS. Kwenye Android vifaa vingi vya Wi-Fi vinayo, vingine havina, na lazima usome. Vilevile dira ya ndani na kihisi cha mwanga huachwa kwenye vya bei ya chini; bila kihisi cha mwanga utakuwa unapandisha na kushusha ung'avu kwa kidole siku nzima.

Tena, kuwa na tundu la laini si kuwa na simu. iPad ya laini inapitisha data peke yake. Huwezi kupiga *150*00# ya M-Pesa Tanzania wala *334# ya Kenya. Kwenye Android kuna vinavyopiga simu kamili na kuna vinavyoishia kwenye data, hata ndani ya familia moja ya kampuni moja. Kwa mfanyabiashara anayetaka kifaa kimoja tu, hilo peke yake linatosha kuamua. Aliyeletewa zawadi kutoka Marekani aangalie na masafa: vifaa vya soko la huko vinaweza kukosa masafa ya megahezi 800, ambayo Safaricom, kwa mfano, huyatumia kwa 4G pamoja na 1800. Mjini kitashika, ukitoka nje ya mji kinashuka hadi 3G. Na kwa kuwa kifaa cha laini kina IMEI, bonyeza *#06# au fungua mipangilio uifananishe na iliyo kwenye boksi. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia namba hizo. Kenya ilikuwa imeshafanya hivyo mwaka 2012.

Tundu la hedifoni nitalipitia haraka. Linaondoka: iPad ya kawaida ya mwisho kuwa nalo ni ya mwaka 2021, Galaxy Tab S9 haina, Tab A9 na A9+ bado zinalo. Kwa mtu mmoja, Bluetooth inatosha. Kwa darasa la lugha lenye wanafunzi arobaini, hedifoni za waya za bei ndogo zinashinda, kwa sababu hazichajiwi na haziunganishwi kimakosa na kifaa cha jirani. Ukinunua adapta ya USB-C kwenda hedifoni, tafuta yenye kigeuzi cha sauti ndani yake. Zile za bei ya karanga hutegemea kishikwambi kitoe sauti ya analogia, na vingi havitoi.

Nimeahidi kurudi kwenye visivyoongezeka. RAM kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoandikwa kwa hila kuliko zote. Ukiona "RAM 12" kwenye kishikwambi cha bei ndogo, tafuta mabano ya chini: mara nyingi ni 4 halisi na 8 za kuazima kutoka kwenye hifadhi. RAM ya kuazima ni ya polepole mno kulinganisha na ya kweli. Hesabu ile 4 tu. Nne zinatosha kusoma na kuangalia video; anayefungua kurasa nyingi na kuandika huku darasa la mtandaoni likiendelea aanzie 6 au 8. Aina ya hifadhi nayo ina uzito kuliko jina la prosesa: eMMC ya vifaa vya chini ndiyo inayokifanya kishikwambi kigande programu zinapojisasisha, na UFS ndiyo dawa yake.

Kioo ndicho ningekipa pesa iliyobaki. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Kishikwambi cha inchi 10.1 chenye umbo refu, ukikisimamisha, kina upana wa milimita 136 hivi, kwa hiyo ukurasa mzima unasinyaa hadi theluthi mbili na herufi ya pointi 12 unaisoma kama ya pointi 8. Kwa kioo cha 1280 kwa 800, ambacho ni pikseli 149 kwa inchi, herufi hizo zina ukungu. Kwa 1920 kwa 1200 zinafika 224 na jicho linapumzika. Wakili, mhasibu, mwanafunzi wa chuo, yeyote anayeishi ndani ya PDF, akwepe kabisa 1280 kwa 800, hata kama muuzaji anaiita HD.

Kamera? Megapikseli zipuuze, uliza jambo moja: inalenga yenyewe? Vishikwambi vya chini vina kamera isiyolenga, na ukipiga picha ya risiti au cheti maandishi yanatoka na utando. Kalamu nayo ina vituko vyake. S Pen ya Samsung haihitaji betri ili kuandika. Kalamu ya kwanza ya Apple ilichajiwa kwa kichwa cha Lightning, na iPad ya kizazi cha 10 ilipokuja na USB-C, mteja akahitaji adapta ili kalamu na kishikwambi cha kampuni hiyohiyo vikutane. Wenye pesa nao huteseka.

Umri wa programu ndio unaoamua matundu yote hayo yatatumika hadi lini. iPad Air 2 ya mwaka 2014 ilipokea mifumo mipya hadi iPadOS 15 ya mwaka 2021. iPad ile ya kwanza ya 2010 iliishia iOS 5.1.1 mwaka 2012. Vishikwambi visivyo na jina vinavyouzwa mitaani mara nyingi havipati sasisho hata moja, na programu za benki ndizo za kwanza kuvikataa. Kwa vya mtumba kutoka Ulaya, Dubai au Marekani, ongeza swali la kufuli: iPad iliyofungwa kwa akaunti ya mwenye nayo wa zamani haifunguki kihalali bila yeye, na kishikwambi kilichokuwa cha shule au kampuni kinaweza kubaki chini ya udhibiti wa wenyewe hata baada ya kufutwa. Kiwashwe upya kabisa mbele yako, kifike ukurasa wa mwanzo bila kuomba jina la mtu usiyemjua.

Hukumu yangu, basi. Kwa familia na mwanafunzi wa hapa kwetu, kishikwambi cha Android cha daraja la kati chenye laini inayopiga, memori kadi, hedifoni, GB 64 au zaidi na kioo cha 1920 kwa 1200 kinazidi kwa manufaa kile chembamba cha bei mara tatu, hata kama prosesa yake ni ya kawaida. Mchoraji, mhariri wa video na mtu anayetaka kifaa cha miaka saba alipie iPad au Galaxy Tab S, akijua kwamba adapta ni sehemu ya bei. Mwalimu wa kufundishia kwa projekta asinunue chochote ambacho hajakiona kikitoa picha ukutani kwa macho yake. Nenda dukani na flashi, waya wa C kwa C na laini yako mwenyewe, uvijaribu vyote kabla ya kulipa. Muuzaji akikukatalia, maduka ni mengi.